Kuku Aliyeshuka kutoka Kinole

Dirisha la ofisi yangu linatazama milima. Nilipokuwa natafuta chumba, mwenye nyumba alinionyesha viwili, kimoja cha upande wa barabarani chenye upepo mzuri na kodi nafuu, na hiki cha nyuma, juu ya duka la vitenge. Nikachukua hiki. Nilitaka Uluguru mbele ya macho yangu. Asubuhi ukungu unakaa katikati ya mlima kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba. Chini unaona mashamba, juu unaona vilele, katikati hakuna kitu. Nikiutazama sana huwa sijui tena kama ni saa tatu au saa tano. Wateja wengi wamenikuta hivyo, mdomo wazi, kalamu mkononi, wakadhani napiga hesabu.

Mimi ni dalali wa hisa. Ukisema dalali hapa Morogoro watu wanawaza wale wa viwanja, wanaokuonyesha mtaro wakakwambia ni bustani. Marehemu mama yangu aliona haya, akawa anawaambia majirani kwamba nafanya kazi benki. Jamani, siyo benki. Mtu ana hisa za kampuni anataka kuziuza, mwingine yuko huko anataka kununua, hawajuani na hawataonana mpaka kufa. Mimi napokea oda ya huyu, naipeleka kwenye soko la Dar es Salaam kwa kompyuta, inakaa pale kumsubiri mwenzake. Siku nyingine inampata kabla chai haijapoa. Siku nyingine inakaa wiki mbili na mimi nakaa nayo, natazama mlima. Ikipata mnunuzi nakula kamisheni yangu, maisha yanaendelea.

Ni kazi yenye ndoto ndoto. Nauza kitu ambacho sijawahi kukishika. Bibi mmoja anayeuza mananasi pale sokoni aliwahi kuniuliza, "Hiyo hisa, ukiiweka mezani inakaaje?" Nikamwambia haikai mezani, bibi, ni jina lako tu limeandikwa mahali kwamba na wewe una kipande cha kiwanda. Akanitazama kwa huruma, akanichagulia nanasi zuri, akakataa hela.

Wateja wangu ni walimu, manesi, wastaafu, na wahadhiri wa chuoni Mazimbu wanaokuja wameshasoma kila kitu ili waje kunisahihisha. Wote, hata hao, nina swali moja nawauliza kabla sijashika fomu: hela hii ni ya nini, na unaihitaji lini? Halimo kwenye fomu hilo swali. Nililitunga mwenyewe baada ya kuona watu wanauza vibaya na kununua vibaya. Mtu akiniambia ni ya ada ya Januari, namwambia uza leo, usitazame bei. Akiniambia hana haraka, namwambia asubiri, mvumilivu hula mbivu. Nalijivunia sana swali langu. Mdomo wangu hauna breki nikianza kulisifu, waulize wanaonifahamu.

Mtu mmoja tu sikumuuliza.

Alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama. Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Shamba la ukoo linapita kwa akina mama, na mjomba ndiye mwangalizi wake. Watoto wake mwenyewe ni wa ukoo wa mama yao. Sisi wapwa ndio wenye shamba la Kinole, yeye analishika kwa niaba yetu, na mama alipofariki mimi nikawa mpwa mkubwa. Shamba lenyewe liko mteremkoni, kuna migomba, karafuu, mdalasini, na pilipili manga zinazopanda juu ya miti. Utotoni nilikuwa nalala pale chini mchana nikisikia harufu hizo zote kwa pamoja, nikiamka nadhani bado naota.

Zamani, wakati hisa za kiwanda kimoja cha saruji zilipouzwa kwa wananchi kwa mara ya kwanza, mjomba aliuza karafuu za mwaka ule akanunua hisa. Kijiji kizima kilimcheka. Aliziandika kwa jina lake kwa sababu fomu ilitaka jina la mtu mmoja, lakini kichwani mwake zilikuwa za ukoo, kwa kuwa karafuu zilitoka kwenye shamba la ukoo. Kila gawio la faida lilipoingia aliligawa kwa wapwa, huyu madaftari, yule viatu. Yeye mwenyewe hakuwahi kunywa hata soda ya gawio lile. Nadhani hata kazi yangu hii ilianzia kwenye zile barua za kampuni, alizokuwa ananipa nimsomee kwa sauti huku ametulia kama anasikiliza mawaidha.

Basi asubuhi moja, miaka kama minne iliyopita, nikasikia hodi. Nikageuka kutoka dirishani. Mjomba, na kanzu yake ya Ijumaa wakati siku ile ilikuwa Jumanne, na nyuma yake mzee mwenzake wa ukoo. Mjomba ameshika kikapu cha ukindu, na ndani ya kikapu kuku jike amefungwa miguu.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba, mama. Hujambo?"

Nikaamkia na yule mzee mwenzake. Nikawavutia viti. Mjomba akakataa kiti kikubwa cha wateja, akakaa kwenye kigoda nilichokuwa nawekea miguu. Akaniwekea kuku mbele ya meza. Akatazama dirishani kwa muda, akauliza, "Leo ukungu umeshuka mpaka mjini?"

Nje kulikuwa kweupe. Jua linawaka, mlima unaonekana mpaka mti mmoja mmoja. Nikacheka, nikasema, "Eee mjomba, umewafuata nyuma," nikidhani ananitania.

Akasema, "Nimekuja kuhusu zile hisa. Nimefikiri kuziuza. Nimekuja nisikie unasemaje."

Wallahi nilifurahi. Miaka yote ile nimemsomea barua, leo amekuja kwangu, kwenye ofisi yangu yenye feni! Nikageuza kompyuta upande wake. Nikamwonyesha mstari wa bei unavyoshuka na kupanda, nikamweleza kwamba barabara zinajengwa na reli inajengwa, saruji inahitajika, kiwanda kinaongeza mtambo. Nikaongea, nikaongea. Yule mzee mwenzake alisinzia. Mjomba alikuwa ametazama mahali pembeni kidogo ya kompyuta, na mimi nikadhani ni heshima.

Nikamalizia, "Mjomba, tusiuze sasa. Bei ya leo ni kutupa mali. Tuziache zikae, zitapanda."

"Tusiuze," akasema.

"Tusiuze, mjomba."

"Haya. Nimesikia." Akamgusa mwenzake begani wakainuka. Nikamsindikiza mpaka chini, ngazi alizishuka taratibu huku mkono umeshika ukuta. Nikampa nauli na mkate. Jioni yule kuku nikamla na ugali na bamia, mtamu kweli kweli.

Jamani, kuku! Mimi ni mtoto wa kule. Kwetu kuku hupanda, hashuki. Sisi wapwa ndio tunaompelekea mjomba kuku. Mjomba akimletea mpwa kuku, na amekaa chini, na amekuja na shahidi wa ukoo, hapo haji kwa dalali. Amekuja kwenye ukoo kuomba ruhusa, na mpwa mkubwa ndiye anayejibu kwa niaba ya wenzake. Hata mtoto wa darasa la nne wa Kinole angelijua hilo. Mimi nilikuwa nimejaa bei kichwani mpaka sikumwona mtu aliyekaa mbele yangu.

Bei ikapanda, kama nilivyosema. Ilipanda polepole, kisha kwa mbio. Nilikuwa naitazama kila asubuhi kabla ya kutazama mlima. Nilimwona mjomba kwenye harusi moja na msiba mmoja katika kipindi hicho, mara zote mbili alinijibu salamu kwa upole na akakaa mbali nami. Nikajisemea uzee huo. Siku bei ilipofika mahali ambapo nilijua haitakaa muda mrefu, nikampigia simu kwa furaha.

"Mjomba! Zimepanda! Sasa tuuze!"

Yeye akasema, "Hizo ni zenu, mama. Fanyeni mnavyoona." Akamrudishia simu mkewe.

Nikakasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nimemtunzia mali, leo ananijibu kama mtu wa kodi! Kesho yake nikachukua fomu zangu, nikapanda bodaboda mpaka Kinole. Njia nzima namgombeza kimoyomoyo. Hata milima sikuiona, mpaka tulipofika kwenye migomba na ubaridi ule ukanishika shingoni, nikajikuta nimetulia bila kupenda. Kule juu mchana una utulivu wake. Maji unayasikia huyaoni, na mtu akiita ng'ambo ya bonde sauti inakuja imechelewa.

Mkaza mjomba alikuwa uani anakwangua magome ya mdalasini. Nikamwamkia. Aliitikia bila kuinua kichwa. Nikamwambia nimeleta karatasi, mjomba atie sahihi, hisa zimepanda.

"Zimepanda," akasema. "Hongera."

"Mbona hivyo, mama?"

Kisu kikasimama. "Ulimkatalia Makka, leo unamletea karatasi?"

Sikuelewa. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba sielewi, Makka ipi. Ndipo akanieleza, huku akikwangua na kukwangua, vumbi la mdalasini likimjaa kifuani. Kwamba mjomba alikuwa akiota Hija toka ujana. Kwamba katika ndoto alikuwa amevaa vile vitambaa vyeupe, anaizunguka Kaaba, lakini anapozunguka chini ya miguu ni njia zetu za Uluguru, na akina mama wa ukoo waliokufa wanamwambia zunguka, bado. Kwamba nesi alimpima macho akamwambia ana presha ya macho, na kinachopotea hakirudi, na kwamba kitaendelea kupotea kidogo kidogo. Mjomba alirudi nyumbani akasema, nataka nikaione kwa macho yangu kabla hayajafunga. Akachukua kuku, akamchukua mwenzake, akashuka kuja kuniomba.

"Akarudi jioni ile ile," mkaza mjomba akasema. "Nikamuuliza, wamesemaje? Akasema, wapwa wamesema tusiuze. Akavua kanzu. Hajalitaja tena mpaka leo."

"Lakini hakuniambia ni ya Hija!"

"Angekuambiaje? Akutajie Makka halafu wewe ukatae? Alitaka uwe huru kukataa. Ungemuuliza angesema." Akalitupa gome kwenye ungo. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Yeye imemuumiza macho."

Mtumee! Nilikaa chini pale pale kwenye maganda. Nikauona ule ukungu alioniulizia, asubuhi ile nyeupe ofisini kwangu. Haukuwa wa mlimani. Ulikuwa machoni mwake, na mimi nikamjibu kwa kicheko. Nilitaka mtu anipige.

Mjomba alikuwa barazani upande wa pili, uso ameuelekeza bondeni. Nilipomsogelea alisema, "Nani?" na hapo tulikuwa hatua tatu. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote bila kupanga, kwamba nilijibu kama dalali, kwamba sikujua nimeulizwa kama mpwa, kwamba ningeuza siku ile ile, hata kwa bei ya bure, kwamba sikumkatalia.

Kuku walipita, mmoja akapanda juu ya fomu zangu.

"Hukunikatalia," akasema.

"Sikukukatalia, mjomba."

"Laa ilaaha illa llah." Akajipiga paja, akaanza kucheka, kicheko kikavu cha kukohoa. "Na mimi kila Ijumaa nakusamehe. Naomba dua nzima, nakusamehe kabisa. Kufika Jumamosi nimekasirika upya. Miaka mitatu! Nimemchosha Mungu kwa jambo ambalo halikuwepo."

Nikalia, na yeye akaniacha nilie. Kisha nikamuuliza swali langu, nimechelewa, lakini nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu: hela hii ni ya nini, na unaihitaji lini?

"Ya Makka," akasema. "Mwaka huu, kama bado naona tofauti ya mchana na usiku."

Karatasi zilitaka sahihi inayofanana na ile aliyoweka zamani, na ile ya zamani ilikuwa na mikia mizuri kama ya mwalimu wa mwandiko. Alijaribu mara nne juu ya gazeti, kalamu ikatoka nje ya gazeti. Ikabidi awekewe wino, tuweke dole gumba, na mashahidi wawili. "Nimesoma mimi," akanikumbusha, nikiwa nimeshika dole lake nalielekeza kwenye kisanduku. Nikasema najua, mjomba.

Kuuza kulichukua siku tisa, kwa sababu mnunuzi hakupatikana mara moja. Mimi ninayewahubiria watu subira, nilimpigia kelele kila mtu niliyempata kwenye simu Dar es Salaam. Mlima sikuutazama. Oda ilipokamilika nilishangilia peke yangu, mwenye duka la vitenge akapanda juu kuuliza kama nimepata msiba. Kamisheni yangu niliiongeza kwenye fungu lake. Hakujua, na kama angejua angekataa.

Alikwenda na mwanawe wa kumzaa, mtu mzima, fundi ujenzi, yule ambaye kwa desturi yetu hana chake katika shamba la ukoo. Sisi wapwa tulikubaliana kwamba na yeye alipiwe kwa hela za hisa. Nilikwenda kuwaona wakipanda basi. Mjomba alikuwa amenyoosha shingo, anageuza uso huku na huku kama anayetafuta jua lilipo. Lilikuwa usoni pake hasa.

Aliporudi nilipanda Kinole na kuku wawili, wanaopanda kama desturi inavyotaka. Nyumba imejaa watu, ubani, wali, watoto wananywa maji ya Zamzam kwa vifuniko vya chupa. Nikasubiri wapungue, nikakaa chini ya kiti chake.

"Mjomba, kulikuwaje?"

Alifikiri. Sauti yake ilikuwa imekuwa laini, ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Nilisikia miguu," akasema. "Miguu ya watu wengi, haina viatu. Unajua mvua ya masika inavyokuja kutoka juu, inaanza kwenye migomba ya mbali? Hivyo. Halafu ukaingia ndani ya hiyo mvua na hulowi. Nikawa sijui natembea au nabebwa." Akapapasa mkono wa kiti. "Mwanangu alikuwa ananiambia sikioni, baba, sasa iko kulia kwako. Baba, ni kubwa. Baba, ni nyeusi. Nikamwambia, na mimi naiona nyeusi. Basi tunaona sawasawa."

Waliokuwa karibu walicheka, na yeye akacheka nao, ameridhika na utani wake. Mimi sikuweza.

Watu wakarudi kwenye wali. Mjomba akainama kidogo upande wangu, akapunguza sauti.

"Hivi, mpwa wangu. Ile bei. Ilipanda kweli?"

"Ilipanda, mjomba. Ilipanda sana."

"Basi hukukosea," akasema, akanyoosha mkono, akanipapasa uso kwa vidole ajue kama nalia, na nilikuwa nalia.